Kumuumiza Mtu Vibaya kwa Kusudi: Mambo Manne Yanayotafutwa na Sheria

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nyakoe)



Twatoa shukrani kwa Kamati kwa kutupa nafasi hii baada ya hesabu za fedha kusomwa na kukubaliwa. Twajua ya kuwa hesabu huchosha, na jua limekwisha kupanda. Hata hivyo jambo tuliloagizwa kulieleza leo halifai kuahirishwa, kwa sababu lahusu viungo vya miili yetu na uhuru wa vijana wetu.

Sote twaijua hali ya nchi yetu ya Gusii. Mashamba ni membamba, na warithi ni wengi. Mpaka ukisogezwa hatua moja usiku, asubuhi panga hutoka nyumbani. Ndugu wawili wa tumbo moja hugombania mistari michache ya majani chai, na kabla jioni haijafika mmoja yuko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, na wa pili amejificha kwa wajomba zake. Kisha wazee huitwa. Watu wa upande wa aliyekata huja na ahadi ya ng'ombe na gharama za dawa; watu wa upande wa aliyekatwa hushauriwa wasiende polisi. Wazee huketi, husema maneno mema, na hutoa hukumu. Swali lililoiletea Kamati mashaka ni hili: je, shauri la namna hiyo ni letu kulikata? Hatuwezi kujibu mpaka tujue sheria yasema nini juu ya kosa lenyewe.

SHERIA HII IMETOKA WAPI

Sheria ya makosa ya jinai nchini Kenya imeandikwa katika Kanuni ya Adhabu, ambayo ni Sura ya 63 ya sheria zetu. Ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1930. Kabla ya hapo mahakama za wakoloni zilitumia kanuni ya Bara Hindi, iliyotungwa mwaka 1860. Kanuni ya 1930 imerekebishwa mara nyingi, lakini maneno yake juu ya kuumiza mwili yamebaki karibu yale yale, na yalifuata mawazo ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1861.

Wazee watakumbuka habari walizopewa na baba zao kuhusu mwaka 1908, Otenyo alipomchoma mkuki Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni katika Kisii. Northcote alijeruhiwa lakini hakufa. Aliishi hata akawa Gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Mkuki ule ulikuwa wa mtu mmoja, ila adhabu iliwashukia watu wote: askari walichoma nyumba, wakaua watu na kuteka ng'ombe. Hakuna aliyeuliza nani alifanya nini, wala nani alikusudia nini. Twalitaja jambo hilo ili tuone thamani ya sheria inayodai kila kitu kithibitishwe juu ya mtu mmoja mmoja. Sheria ya namna hiyo huonekana kuwa nzito na ya kuchelewa. Lakini watu waliowahi kuadhibiwa pamoja kwa tendo la mmoja hawapaswi kuidharau.

NGAZI YA MAKOSA

Sheria haioni kila pigo kuwa sawa. Imeyapanga makosa kama ngazi.

Daraja ya chini ni kumshambulia mtu bila kumdhuru, ambayo ni kosa la kifungu cha 250, na adhabu yake haizidi mwaka mmoja. Juu yake ni shambulio lenye kuleta madhara ya mwili, kifungu cha 251, ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitano. Kipo pia kifungu cha 237, kinachohusu kumjeruhi mtu bila haki, nacho ni miaka mitano.

Tukipanda zaidi twafika kifungu cha 234. Hicho chasema kwamba mtu yeyote amtendeaye mwenziwe madhara makubwa bila haki ana kosa kubwa la jinai, na aweza kufungwa maisha. Mwishowe twafika kifungu cha 231, ambacho ndicho kiini cha hotuba hii: madhara makubwa yaliyotendwa kwa nia ya kulemaza, kuharibu sura, kuvunja nguvu za mwili, au kutenda madhara makubwa, au kwa nia ya kuzuia mtu asikamatwe kwa haki. Adhabu yake nayo ni hadi kifungo cha maisha.

Hapa wasikilizaji wataona jambo la ajabu. Uingereza yatenganisha sana makosa haya mawili: asiye na nia hupata miaka mitano, mwenye nia aweza kufungwa maisha. Kwetu Kenya mwisho wa adhabu ni mmoja kwa yote mawili. Kwa hiyo asijidanganye mtu kwa kusema, "Sikukusudia kumvunja mkono, basi kosa langu ni dogo." Nia humsogeza kutoka 234 mpaka 231, na humwongezea uzito machoni pa hakimu anapopima kifungo; lakini mlango wa kifungo cha maisha umekwisha kuwa wazi tangu 234. Ni kweli kwamba sheria humruhusu hakimu kutoa kifungo kifupi kuliko hicho, na mara nyingi hufanya hivyo. Hata hivyo miaka kumi ya kijana ni miaka kumi.

JAMBO LA KWANZA: MADHARA YENYEWE

Ili mtu apatikane na hatia chini ya kifungu cha 231, upande wa mashitaka wapaswa kuthibitisha mambo manne. La kwanza ni kwamba madhara yalikuwa makubwa.

Kifungu cha 4 cha Kanuni chaeleza maana ya neno hilo. Madhara makubwa ni yale yenye kulemaza, yaani kuharibu au kuondoa kabisa kazi ya kiungo au fahamu, kama jicho, sikio au mkono; au yenye kuhatarisha maisha; au yenye kuharibu afya vibaya au kwa kudumu, au yaelekeayo kuiharibu hivyo; au yenye kuacha ubaya wa kudumu katika sura; au jeraha zito au la kudumu katika kiungo chochote, cha nje au cha ndani. Damu nyingi peke yake si kipimo. Mtu aweza kutoka damu nyingi kichwani akapona kwa wiki mbili asibaki na lolote. Mwingine aweza kupigwa rungu tumboni asitoke hata tone, kumbe wengu limepasuka.

Ndiyo maana neno la daktari ni la lazima. Polisi hutoa fomu iitwayo P3, na daktari au afisa wa kliniki huijaza baada ya kumchunguza majeruhi. Ndani yake huandika aina ya jeraha, umri wake, kifaa kinachoelekea kulisababisha, na kama ni madhara ya kawaida, madhara makubwa, au kulemazwa. Maana za maneno hayo zimechapwa katika fomu yenyewe. Shauri lililokosa karatasi hiyo ni kama nyumba iliyokosa nguzo ya kati. Majeruhi aliyefichwa nyumbani kwa miezi miwili wakati wazee wanajadiliana, kisha akapelekwa kwa daktari baada ya mapatano kuvunjika, atachunguzwa kovu tu. Daktari hawezi kuandika asichokiona.

JAMBO LA PILI: NI YEYE ALIYETENDA

La pili ni kuthibitisha kwamba mshitakiwa ndiye aliyetenda. Hapa kuna hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni kumtaja mtu kwa uadui. Mapigano mengi hutokea jioni, njiani au mahali pa pombe, na shahidi huwa mmoja tu. Tangu mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliweka onyo ambalo mahakama zetu hulifuata hata leo: ushahidi wa mtu mmoja wa kumtambua mshitakiwa katika hali ngumu upimwe kwa uangalifu mkubwa sana kabla ya kumtia mtu hatiani. Hakimu atauliza: Mwanga ulitoka wapi? Mlikuwa umbali gani? Mlionana kwa muda gani? Ulimjua tangu zamani? Ulimtaja kwa nani kwanza, na lini? Yafaa majeruhi amtaje aliyempiga mara ya kwanza anapofika polisi, ili jina liandikwe katika kitabu cha matukio. Jina litajwalo baada ya mwezi hutiliwa shaka, na ndivyo ipasavyo.

Hatari ya pili ni kudhani kwamba mwenye hatia ni yule aliyeshika panga peke yake. Vifungu vya 20 na 21 vyasema vinginevyo. Aliyesaidia, aliyeshawishi, na aliyeshirikiana na wengine katika kusudi ovu, wote huhesabiwa kuwa wametenda, ikiwa tendo lile lilikuwa tokeo la kutazamiwa la kusudi lao. Wakati wanawake wanne wazee walipouawa huko Marani mnamo Oktoba 2021, kwa kusingiziwa uchawi, nchi nzima ilituangalia kwa huzuni. Katika kundi la namna hiyo wengi hujisemea, "Mimi nilipiga kelele tu." Sheria haitaridhika na jibu hilo. Itauliza kama kelele zile zilikuwa za kuwaita watu waje kutenda.

JAMBO LA TATU: BILA HAKI

La tatu ni kwamba tendo lilikuwa bila haki. Neno hili ni dogo, lakini ndilo limwokoalo mtu aliyejitetea.

Kifungu cha 17 chasema kwamba kujitetea na kutetea mtu au mali kupimwe kwa kanuni za kale za sheria ya Kiingereza. Kwa ufupi, mtu aliyevamiwa aruhusiwa kutumia nguvu za kiasi, kwa kadiri ya hatari iliyo mbele yake. Halazimishwi kupima pigo lake kwa mizani ya dukani wakati panga liko juu ya kichwa chake. Lakini hatari ikiisha, ruhusa nayo imekwisha. Ukimnyang'anya adui panga, naye akageuka kukimbia, ukamfuata na kumkata mgongoni, hapo hujitetei tena. Hicho ni kisasi.

Ndivyo ilivyo pia kwa mwizi. Raia aruhusiwa kumkamata aliyemwona akitenda kosa kubwa, na kutumia nguvu zinazohitajika kumkamata. Nguvu zipitazo haja hiyo ni kosa la mkamataji. Aliyefungwa kamba hahitaji kuvunjwa miguu ili akamatwe.

Tena kifungu cha 9 chasema kwamba mtu hana hatia ya jambo lililotokea kwa ajali, au pasipo mapenzi yake. Mkata kuni aliyechomokewa na shoka mpinini, likampiga jirani, hakutenda kosa hili, hata kama jirani amepoteza mguu.

JAMBO LA NNE: NIA

Sasa twafika mahali pagumu. Nia imo moyoni, na hakuna daktari awezaye kuiandika katika P3. Basi hakimu huijuaje?

Huijua kwa matendo. Hutazama silaha: fimbo ya kuchungia si sawa na panga lililonolewa, wala tindikali si sawa na maji. Hutazama mahali palipopigwa: kichwa, shingo na uso ni tofauti na paja. Hutazama idadi ya mapigo: moja la ghafula, au matano yaliyofuatana hata baada ya mtu kuanguka. Hutazama maneno yaliyotangulia, kama vile vitisho vilivyosemwa sokoni jana yake. Na hutazama mwenendo wa baadaye: je, aliita watu wamsaidie majeruhi, au alificha panga na kufua nguo? Hakuna alama moja itoshayo peke yake. Zote huwekwa pamoja, na shaka ikibaki, faida yake ni ya mshitakiwa. Katiba ya mwaka 2010 yasema wazi kwamba kila mshitakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Yafaa tutenge maneno mawili ambayo watu huyachanganya: nia na sababu. Nia ni lile ulilotaka kulitenda. Sababu ni kwa nini ulitaka kulitenda. Sheria yatafuta nia. Kuhusu sababu, kifungu cha 9 chasema haiondoi hatia. Mtu aweza kuwa na sababu ambayo kijiji kizima kitaihurumia: ng'ombe wake wameibiwa, binti yake ametukanwa. Huruma hiyo yaweza kumpunguzia kifungo, lakini haibadilishi kwamba alikusudia kumlemaza mwenziwe. Hasira ni hivyo hivyo. Katika shauri la kuua, hasira ya ghafula iliyochokozwa yaweza kushusha kosa. Katika shauri la kuumiza ni neno la kuombea huruma tu.

Na ulevi je? Kifungu cha 13 chasema kwamba ulevi si utetezi, isipokuwa kwa nadra sana, kama mtu aliponyweshwa na mwingine kwa hila hata asijue alitendalo. Mahakama yaweza kuutazama ulevi inapopima kama mtu aliweza kuwa na nia. Lakini akifanikiwa kwa njia hiyo kuponyoka kifungu cha 231, bado kifungu cha 234 kinamngojea, nacho hakidai nia hiyo.

Jambo jingine ni hili. Kifungu cha 231 hakisemi kwamba aliyeumia lazima awe yule aliyekusudiwa. Ukimrushia jiwe adui yako kwa nia ya kumvunja uso, likampiga mtoto apitaye, nia yako imekufuata mpaka kwa mtoto. Tena kifungu hicho chasema kwamba hata kujaribu kumpiga mtu kwa mkuki, kisu au silaha nyingine ya hatari, kwa nia hiyo hiyo, ni kosa lenye adhabu ile ile. Mkuki uliokosa shabaha haukufuta kosa.

MIFANO

Tuseme ndugu wawili wanafyeka majani mpakani. Maneno yanazuka, na mmoja, akiwa na panga mkononi kwa kazi, anampiga mwenziwe pigo moja la mkono. Mfupa unakatika, na vidole havikunji tena. Amelemaza, na ametenda bila haki. Kifungu cha 234 kimesimama. Kama alikusudia kulemaza au la, hapo mawakili watabishana.

Tuseme katika ugomvi huo huo anarudi nyumbani, analinoa panga, anangojea penye migomba, na anampiga mwenziwe mapigo matatu ya kichwa. Hapa hakuna nafasi ya kubishana. Njia ya kwenda nyumbani na kurudi imetoa ushahidi juu ya nia.

Tuseme tena watu wawili wanasukumana penye busaa, mmoja anaanguka juu ya jiwe na kupofuka jicho. Msukumo ulikuwa bila haki, lakini kupofuka hakukukusudiwa. Kifungu cha 231 hakiwezi kusimama. Hakimu atapima kama kile cha 234 chasimama, au kama tokeo lile lilikuwa la ajali na kosa lililobaki ni dogo zaidi. Mahakama yaruhusiwa kumtia mtu hatiani kwa kosa dogo lililothibitishwa hata kama hati ya mashitaka ilitaja kubwa.

Na kuna mfano ambao si wa kutunga. Mnamo Desemba 2022, mtoto mdogo wa pande za Marani aling'olewa macho. Shauri lilisikilizwa na mahakama ya hakimu ya Kisii kama shauri la madhara makubwa, na mwaka 2023 kifungo kikubwa kilichotolewa kilikuwa miaka 40. Walioshitakiwa walikuwa watu wa ukoo wake. Twalisema hilo kwa sababu wengine hudhani kwamba jambo la ndani ya ukoo ni la ukoo. Mtoto yule hakuwa na mzee wa kumsemea katika mapatano yoyote. Sheria ndiyo iliyomsemea.

MAJERUHI AKIFA

Wazee wetu, nia ya kutenda madhara makubwa ina hatari nyingine. Kifungu cha 206 chasema kwamba dhamiri mbaya ifanyayo kosa la kuua kwa kukusudia yathibitishwa kwa nia ya kuua, au kwa nia ya kutenda madhara makubwa. Maana yake, aliyekusudia kuvunja miguu tu, majeruhi akafa kwa jeraha hilo ndani ya mwaka mmoja na siku moja, aweza kushitakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Hawezi kusema, "Nilitaka awe kilema, sikutaka afe." Basi mapatano yaliyofanywa kitandani mwa mgonjwa yatakuwa nini siku ya mazishi?

KAZI YA BARAZA LA WAZEE

Sasa twarudi kwenye swali la Kamati. Zamani wazee wetu walikata mashauri chini ya mti, na baadaye katika Ritongo, na lengo lao kuu lilikuwa kurudisha amani kati ya koo. Hatusemi kwamba lengo hilo limepitwa na wakati. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, yaagiza mahakama ziendeleze upatanisho na njia za jadi za kumaliza ugomvi, mradi njia hizo zisivunje haki za binadamu wala zisipingane na Katiba.

Lakini Kanuni ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, kifungu cha 176, yaweka mpaka. Mahakama yaweza kusaidia watu wapatane kwa fidia katika shambulio la kawaida, au kosa jingine la kibinafsi lisilo kosa kubwa la jinai. Makosa ya vifungu vya 231 na 234 ni makosa makubwa. Yako ng'ambo ya mpaka huo. Mwenye mashitaka si majeruhi tena, bali ni Jamhuri, kwa mkono wa Mkurugenzi wa Mashitaka ya Umma, naye hawezi kuliondoa shauri bila ruhusa ya mahakama. Tena kifungu cha 118 cha Kanuni ya Adhabu chasema kwamba kupokea mali kwa mapatano ya kuficha kosa kubwa, au ya kuzuia mashitaka yake, ni kosa. Mzee apokeaye mbuzi wa baraza katika shauri la namna hiyo ajitazame vizuri.

Wengine watatuambia: mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali shauri la mauaji liondolewe baada ya jamaa za pande mbili kupatana kwa desturi na dini yao. Ni kweli. Lakini tazameni njia iliyofuatwa. Shauri lilikuwa limefikishwa mahakamani. Upande wa mashitaka ndio ulioomba. Na jaji ndiye aliyekubali. Hakuna aliyelificha kijijini. Na wanasheria wengi walilipinga shauri lile, hata haifai kulitegemea.

Twajua pia lalamiko la wazee, na ni lalamiko la haki. Wasema: "Mahakama itamfunga kijana, watoto wake watalala njaa, na majeruhi hatapata hata senti ya dawa. Ng'ombe wetu walimsaidia zaidi." Hatuwezi kulikana lalamiko hilo lote, maana kifungo hakishoni jeraha. Lakini sheria haikumsahau majeruhi kama tunavyodhani. Kifungu cha 31 chairuhusu mahakama kumwamuru aliyepatikana na hatia alipe fidia. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 yampa majeruhi haki ya kusikilizwa. Aweza pia kufungua shauri la madai. Na mapatano ya kweli, yenye fidia iliyolipwa na msamaha uliotolewa kwa hiari, yaweza kuelezwa mbele ya hakimu kabla hajatoa adhabu, naye huyapima. Kwa hiyo wazee hawakunyimwa kazi. Wameambiwa waifanye mahali panapoonekana.

Tena tuulize: katika mapatano ya kijijini, ng'ombe hupelekwa kwa nani? Mara nyingi hupelekwa kwa baba au kwa mume. Mwanamke aliyekatwa uso na mumewe, aketipo barazani kati ya wanaume wa ukoo wa mume, anakubali kwa hiari yake kweli? Hapo ndipo siri ya ukoo humgharimu aliye mnyonge kuliko wote.

MASHAURI YETU

Kamati yaomba wanachama wayashike mambo haya.

Kwanza, majeruhi apelekwe hospitali kabla ya mazungumzo yoyote.

Pili, habari ipelekwe polisi siku hiyo hiyo, aliyetenda atajwe, namba ya kuandikishwa itunzwe, na P3 ichukuliwe na kujazwa mapema.

Tatu, panga, nguo zenye damu na vitu vya namna hiyo visioshwe wala kutupwa, bali vikabidhiwe polisi.

Nne, mshitakiwa asipigwe wala nyumba yake isichomwe. Akipewa dhamana, tusiseme kwamba polisi wamehongwa. Dhamana ni haki ya Katiba, na shauri lingali likiendelea.

Tano, baraza letu lishike mashauri ya matusi, mipaka na mapigo madogo, na liyashike mapema. Ugomvi wa mpaka uliosikilizwa Januari hauleti panga mwezi wa Juni. Kazi hii ya mapema hakuna mahakama iwezayo kuwapokonya wazee, na hakuna awezaye kuifanya vizuri kuliko wao, maana wao ndio wajuao mpaka ulipitia wapi.

Kuhusu shauri la madhara makubwa, baraza liandike katika kitabu chake neno moja tu: kwamba limewaelekeza wahusika polisi, na tarehe yake.

Bwana Mwenyekiti, twaliacha jambo hili mikononi mwa mkutano ili wanachama waulize na kujadili, na kama wakiona vema, mashauri haya matano yapigiwe kura yawe kanuni ya Chama kuanzia mwaka ujao.